Kitunga Hakitaki Huruma

Jua la Kalemie hutoka katika Ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma, na kabla halijapata nguvu, akina mama washukao kutoka vilimani huwa wamekwisha kuingia Katanika, pembezoni mwa mji, na mizigo yao kichwani. Na mtu akaaye kando ya njia akawatazama kwa makini atabaini kwamba muhogo, makaa na mboga vyote vimechukuliwa katika magunia ya nailoni na mabeseni ya plastiki, ilhali kitunga, kile kikapu ambacho bibi zetu hawakuweza kuvuna wala kusafiri pasipo nacho, hupita mara moja moja tu, kama mgeni katika mji aliozaliwa.

Juzi nilikaa karibu na mmoja wa wasusi waliosalia, mama mtu mzima aliyeketi chini ya mwembe na kisu kidogo mkononi. Alipasua tete vipande vinne, akakwangua nyama ya ndani mpaka ukabaki utepe unaopindika bila kuvunjika, akazilowesha tepe zake majini, kisha akaanza kitako cha kitunga kwa kuzipishanisha juu na chini, akikaza kila mzunguko kwa kidole gumba ambacho ukucha wake ulikuwa umelika upande mmoja. Nikamwuliza kazi hiyo humchukua muda gani. “Siku mbili, mwanangu,” akajibu bila kuinua macho, “na huyu anayenishusha bei hapa, akifika dukani kwa beseni hutoa fedha yote, hasemi neno.”

Katika kauli hiyo fupi umo ugonjwa wote wa sanaa zetu za milimani. Aghalabu twasikitika kwamba zinakufa, na kila mwenye kusikitika hupendekeza semina, maonyesho na hotuba za kuwazindua mafundi, kana kwamba mafundi ndio waliosahau. Nami nadai kwamba fundi hakusahau kitu, aliyesahau ni mnunuzi, na dawa apewayo mtu mwenye afya haimponyi mgonjwa aliyelala chumba cha pili.

Wala sanaa hizo si za kudharauliwa. Watabwa, wakaao katika milima ya Marungu na kando ya ziwa kusini ya mji wetu, walikuwa na nakshi ya pembetatu zilizopangwa safu kwa safu, waliyoiita balamwezi, maana yake kuandama kwa mwezi mpya, nao waliitia katika mikeka, katika vinyago na hata katika chale za miili yao, kwa kuwa mwezi unaorudi baada ya giza ulikuwa kwao ishara ya heri. Mwezi wa Desemba 1884, Mbelgiji Émile Storms, aliyekuwa na boma lake Mpala, alituma watu wakamwua mtemi wao Lusinga na kuyachoma makao yake. Fuvu la mtemi likapelekwa Ubelgiji pamoja na sanamu za ukoo wake, na sanamu mashuhuri ya Lusinga imo mpaka leo katika makumbusho ya Tervuren. Basi tuzingatie ajabu hii: mgeni aliyezichukua kazi hizi kwa moto na risasi aliijua thamani yake, na sisi tulioachiwa bure na wazazi wetu ndio tunaobishana bei.

Huenda msomaji akanijibu kwamba beseni ni jepesi, halivuji wala haliozi, na kwamba mwenye kipato kidogo hana nafasi ya kununua historia. Hoja hiyo ina haki yake, nami siombi mtu achote maji kwa kitunga. Lakini beseni likipasuka halina fundi, na fedha yake huvuka ziwa pamoja na mashua iliyolileta, ilhali fedha ya kitunga hupanda kilima jioni ile ile, ikawa chumvi, sabuni na ada ya mtoto shuleni. Kadhalika mji huu umekwisha kupata somo lake: tulikuwa na Filtisaf, kiwanda kikubwa cha kusokota na kufuma pamba, fahari ya Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa zamani, na siku mashine zilipozimwa ufumaji wote ulizimika nazo, kwa sababu ujuzi ulikuwa umefungwa katika chuma kinachotaka umeme na vipuri. Ujuzi wa mama wa chini ya mwembe hautaki kimoja wala kingine.

Tutazame jirani zetu. Kando ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu mpaka leo, vikipakiwa katika mitumbwi toka Ikombe mpaka soko la Matema na kutoka hapo kuenea Kyela na Mbeya. Na kazi hiyo haikudumu kwa kuhurumiwa, imedumu kwa sababu watu wa nchi ile wanaendelea kupika katika vyungu hivyo. Rwanda nako, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wajane walisuka vikapu viitwavyo agaseke, na tangu mwaka 2005 vikapu vyao vikauzwa Marekani katika maduka ya Macy’s. Jambo jema, lakini mnunuzi wa mbali hununua pambo, na pambo hufuata mitindo, ilhali mnunuzi wa karibu hununua chombo, na chombo kikichakaa hurudi kutafuta kingine.

Mwaka 2017, vita baina ya Watwa na Waluba vilipowasukuma maelfu ya watu kukimbilia Katanika, waliokuja walipokewa kwa turubai, madumu na sufuria, na ilikuwa insafu kuwapa. Lakini ni wachache waliowauliza mikono yao inajua nini. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na mbuzi alikuwa angali na sanaa yake, mali ya pekee isiyoweza kuchomwa, nayo ilikaa bure kwa kukosa mtu wa kuitaka.

Kwa hiyo siwasemeshi mafundi, nawasemesha wenye fedha. Parokia zinazokusanya sadaka zingeweza kuikusanya katika vitunga. Shule zingeweza kuwatandikia watoto wadogo mikeka ya milimani. Hoteli za mjini zingeweza kuweka mkate wao katika vikapu vya hapa. Na harusi zetu, ambazo hatuoni haya kuzitumilia fedha nyingi, zingeweza kumzawadia bibi arusi kazi ya mkono wenye jina. Binti akiona mama yake analipwa, atakaa kando yake kujifunza bila ya kuitwa semina. Na akiona mama yake anapunjwa, hapana hotuba itakayomkalisha.

Ukipita Katanika kesho, ukakuta kitunga kimewekwa kando ya njia, uliza bei mara moja, ulipe, ukichukue nyumbani, ukakitumie mpaka kichakae. Kisha urudi kununua cha pili.