Baridi ya Julai haitoki kwenye Jua

Kila mwaka Julai ikikaribia, ujumbe uleule huzunguka kwenye simu kuanzia Mbeya hadi Nairobi. Dunia, unasema, inaingia katika "afelioni": inakwenda mbali na Jua, baridi itapita ya miaka yote, viungo vitauma, makoo yatawasha, na hali itaendelea hadi Agosti. Neno lina sauti ya kitaalamu, basi wengi wanalisambaza bila kuuliza. Nyuma yake hufuata madai mengine. Tuyapitie.

"Tuna baridi kwa sababu Jua limekuwa mbali." Ni kweli kwamba njia ya Dunia si duara kamili. Mwanzoni mwa Januari tunakuwa kama kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua, na mwanzoni mwa Julai kama milioni 152. Ujumbe, hata hivyo, unadai umbali wa kawaida ni milioni 90, na hivyo tumesogea mbali kwa asilimia 66. Yaelekea mtunzi alikuta maili akaziandika kilomita. Tofauti halisi kati ya Januari na Julai ni asilimia 3 na kidogo, na nguvu ya Jua inayotufikia hupungua kwa asilimia 7 hivi. Upungufu huo ni wa Dunia nzima. Mpigie ndugu aliye Muscat umuulize Julai yao ikoje: huko si ajabu joto kupita nyuzi 40, na watu wanakimbilia viyoyozi. Afelioni gani hiyo inayoitambua Makambako na kuiruka Oman? Isitoshe, jalidi iliunguza chai ya Kericho Januari 2012, mwezi ambao Dunia huwa karibu kabisa na Jua.

Sababu ziko karibu zaidi. Juni na Julai Jua la utosini liko kaskazini ya ikweta, kwa hiyo kwetu kusini miale huja imeinama. Njombe, mwishoni mwa Juni, Jua la saa sita mchana hupanda digrii 57 tu. Nairobi iko jirani na ikweta, na huko mkosaji mkubwa ni mawingu. Upepo wa kusini mashariki huleta hewa ya ubaridi na unyevu kutoka Bahari ya Hindi, hewa hiyo hupanda nyanda za juu, na mawingu mazito ya chini hutanda tangu asubuhi hadi jioni. Ardhi haipati nafasi ya kupata joto. Kwenye uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, mambo ni kinyume. Mchana Jua linawaka, lakini usiku anga ni jeupe bila wingu, ardhi inamwaga joto lake lote juu, na alfajiri mkulima wa viazi anakuta majani yamekauka kwa jalidi. Ongeza mwinuko: kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi 6 hivi, na Kitulo iko kwenye mita 2,600. Wanaosema "baridi imeingia Afrika Mashariki" wanazichanganya baridi mbili zenye vyanzo tofauti, moja ya mawingu na moja ya kukosa mawingu.

"Theluji ya Afrika Kusini iko njiani." Theluji inabaki hukohuko kusini, hasa kwenye milima kama ya Lesotho na Drakensberg. Lakini dai hili lina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ina thamani kuliko uvumi wenyewe. Hewa baridi inapopita Rasi ya Tumaini Jema na kusonga mashariki, nyuma yake mgandamizo mkubwa wa hewa huimarika kusini mwa Afrika na kuisukuma hewa kaskazini kupitia Mlango wa Msumbiji. Upepo wa kusi unapata nguvu. Ndiyo maana katika siku kama hizo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, kuanzia Mtwara na Lindi hadi Tanga, Unguja na Pemba. Anayehitaji habari za Cape Town, basi, ni nahodha wa mashua, wala si wewe unayetafuta sweta.

"Baridi kali mwaka huu, vuli itakuwa na mafuriko." Hapana. Vuli huamuliwa zaidi na joto la maji katika Pasifiki na Bahari ya Hindi. Baridi ya Julai Iringa haibebi habari hiyo.

"Walisema kutakuwa na baridi, mbona jana nilitoa jasho?" Mwelekeo wa hali ya hewa ya kipupwe huzungumzia wastani wa Juni hadi Agosti, tena kwa lugha ya uwezekano. Hauwezi kukuambia Jumanne asubuhi Mafinga itakuwaje. Kwa hilo kuna utabiri wa kila siku. Anayesoma wa msimu kama wa kesho asimlaumu mtabiri.

"Baridi yenyewe ndiyo inayoleta mafua." Mafua huletwa na virusi. Baridi inatufungia chumba kimoja, madirisha yamezibwa, na mmoja akikohoa wote tunagawana.

Dai la mwisho ndilo la hatari, na cha ajabu halimo kwenye ujumbe wa afelioni, tunaambiana wenyewe majumbani: "Jiko la mkaa ukiliingiza moshi ukiisha halina neno." Lina neno kubwa. Mkaa mwekundu usiotoa moshi bado hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, mtu anadhani ni uchovu, analala, haamki. Familia za nyanda za juu zimezikwa hivyo, nayo haikuwa kazi ya Jua. Ongeza blanketi, vaa soksi, lala wawili wawili na watoto, lakini jiko litoe nje kabla ya kufunga mlango, hata kama makaa yaliyobaki ni machache.