Damu Hailei Mtoto

Imeenea siku hizi, mijini na mashamba, itikadi ya kwamba jamaa wa kweli wa mtu ni yule tu aliyechangia naye damu, na kwamba uhusiano mwingine wowote, hata uwe umedumu miaka mingi kwa mapenzi na taabu, ni hisani inayoweza kukatwa siku yoyote bila ya aliyeikata kulaumiwa. Husemwa misibani mali inapogawanywa, husemwa nyumbani mke na mume wanapogombana, na tangu kipimo cha vinasaba kilipofika katika nchi zetu imepata kiburi kipya, kwa sababu wenye kuishika hudhani kwamba sasa maabara imekuwa shahidi wao. Nasema kwamba itikadi hii ni batili, tena ina madhara, na wanaoumia kwayo aghalabu ni watoto, ambao hawakuulizwa neno.

Nianze na maabara. Katika Tanzania upimaji wa vinasaba vya binadamu unaongozwa na sheria ya 2009, na kazi yenyewe iko mikononi mwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kila ikitajwa hesabu ya wanaume waliopimwa wakaonekana kuwa si wazazi wa watoto wanaowalea, baraza huchafuka, na baba aliyekuwa ametulia na aila yake huanza kumkagua mwanawe usoni akitafuta pua yake na masikio yake. Wanaokwenda kupimwa, hata hivyo, ni watu ambao wana shaka tayari au wana kesi, na hesabu yao haiwezi kufanywa hesabu ya nyumba zote za nchi, kama vile hesabu ya waliolazwa hospitali isivyoweza kufanywa hesabu ya afya ya mji mzima. Na hata pale kipimo kinaposema kweli tupu, swali kinalolijibu ni moja, nalo ni dogo: mtoto huyu ametokana na mbegu ya nani. Nani aliyekesha naye alipokuwa na homa, nani aliyejinyima akalipa ada ya shule, nani aliyesimama mbele ya mwalimu mkuu kumwombea radhi, hayo maabara haiulizwi, wala haina namna ya kuyajibu.

Tunao ushahidi, wa karibu nasi, wa dhuluma inayotokea kipimo hicho kinapopewa madaraka yasiyo yake. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilifanya jaribio mjini Nairobi juu ya wakimbizi wapatao 500, wengi wao Wasomali na Waethiopia, waliokuwa wakiomba kwenda kuungana na jamaa zao waliokwisha kupokewa huko. Jaribio likapanuliwa hadi nchi nyingine za Afrika, kisha ikatangazwa kwamba kesi ambazo uhusiano wote uliodaiwa ulithibitika kwa damu hazikufika asilimia 20, zilizobaki zikiwa ama za waliopimwa wasilingane ama za waliokataa kupimwa; mpango ule wa kuwaunganisha jamaa ukasimamishwa, na haukufunguliwa tena mpaka 2012. Sikatai kwamba walikuwamo waongo, maana penye vita na dhiki hata nafasi ya mtoto hugeuzwa bidhaa. Lakini katika Somalia, nchi ambayo dola yake ilianguka 1991, mwana wa ndugu aliyeuawa huchukuliwa na ami yake au na mama yake mdogo, akala sahani moja na wana wa nyumba ile, akaadhibiwa na kubembelezwa kama wao, na akiulizwa na ofisa jina la mama yake hutaja bila kusita jina la yule aliyemlea, kwa kuwa hamjui mwingine. Mtoto huyu hakusema uongo. Kipimo kilichotumika hakikuwa na uwezo wa kumtenga mlezi mwema na tapeli, kikawaweka wote wawili katika daftari moja, na kwa miaka minne watu waliofanya wema mkubwa kuliko wote unaoweza kufanywa vitani walihesabiwa pamoja na wadanganyifu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wageni wasioujua ukoo wetu. Basi na tuitazame Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa 1983, na ambako katika miaka iliyofuata wazazi wengi walikufa wakaacha mayatima mikononi mwa bibi wazee. Wajane na mayatima walionyang'anywa kibanja, yaani shamba la nyumbani, hawakunyang'anywa na wapita njia. Walionyang'anya walikuwa ndugu wa damu wa marehemu, na hoja waliyoingia nayo ilikuwa ni damu hiyo hiyo. Ikiwa damu peke yake inatosha kumfanya mtu kuwa jamaa, watu hawa walikuwa jamaa kamili. Mimi siwezi kuwaita hivyo.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaoleta dini, na hao wanastahili kujibiwa kwa taadhima. Husema kwamba Uislamu ulikataza mtoto wa kulea kunasibishwa na asiye baba yake, na kwamba Zaid bin Haritha, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, alirudishiwa jina la baba yake kwa aya ya Surat al-Ahzab. Ni kweli, na ni hukumu yenye insafu, kwani nasaba ni haki ya mtoto na hapana ruhusa ya kumwibia. Lakini kulinda nasaba si kufuta malezi. Dini hiyo hiyo imelipa ziwa la mnyonyeshaji udugu wake, hata walionyonya kwa mama mmoja wakawa haramu kuoana kama walivyo haramu ndugu wa tumbo moja, hali ya kuwa hapana nasaba baina yao. Na Mtume mwenyewe, aliyezaliwa yatima, alinyonyeshwa na Halima wa Banu Saad. Tena mwenye mali ameachiwa thuluthi, aiusie kwa asiyekuwa mrithi wake, na mlango huo unamtosha mtoto wa kulea kupita akiwa amekumbukwa mapema.

Kwa wasiofuata mirathi ya Kiislamu, Sheria ya Urithi ya Kenya iliyotungwa 1972 imesema wazi zaidi: katika watoto wa mwanamume humhesabu na yule aliyemkubali kuwa wake, au ambaye kwa hiari yake alijitwika dhamana ya kudumu juu yake. Waliotunga maneno hayo hawakungoja maabara. Walitazama nani alibeba mzigo, kisha wakamwona huyo kuwa ni mzazi, na kwa maoni yangu waliona sawasawa, kwa kuwa wazee wetu waliosema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, walikuwa wametangulia kuliona jambo lile lile.

Basi wewe unayemlea mtoto ambaye hukumzaa, usiliache jambo lake kwa huruma ya watakaoketi kuigawa mali yako. Andika wasia ungali na afya, ukiwa Mwislamu usivuke thuluthi, waite mashahidi waaminifu, na ujulishe ukoo wako kwa kinywa chako mwenyewe kwamba mtoto yule ni wa nyumba yako. Nanyi mtakaoketi katika kikao hicho, akiinuka mtu kusema kwamba kijana fulani atoke nje kwa kuwa si wa damu, mkatalieni.