Haki ya Pumzi kwa Watafutao Riziki Barabarani

Tangu barabara itokayo Tunduma hadi Sumbawanga ilipotiwa lami, uwanda wa Ufipa umefunguka, na mahindi ya wakulima wetu husafirishwa kwa malori hadi masoko ya mbali. Neema hiyo hapana anayeikanusha. Lakini insafu yatutaka tumtazame pia askari wa usalama barabarani asimamaye njia panda tangu asubuhi, kijana wa bodaboda angojaye abiria, na mama lishe apakuaye ugali kandoni mwa stendi huku basi likiunguruma bila kuzimwa, ambao kiangazi kizima huvuta moshi wa dizeli pamoja na vumbi, na jioni wajifutapo uso leso hutoka nyeusi.

Wala hicho kionekanacho kwenye leso sicho cha kuhofiwa zaidi, kwa kuwa chembe zisizozidi upana wa milimita 0.0025 hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Na mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilikata shauri kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 tunayo. Hifadhi yake na imfikie hata yule ambaye ofisi yake ni barabara. Nawasihi madiwani wa Manispaa ya Sumbawanga waamuru injini zizimwe stendini, njia za vumbi zimwagiwe maji wakati wa kiangazi, na wauza chakula watengewe mahali mbali na moshi. Atafutaye riziki ya halali hastahili kuilipia kwa mapafu yake.