Nafuu ya Kodi na Moto wa Nyika: Hesabu ya Mwenye Nyumba wa Colorado

Tarehe 30 Desemba, 2021, upepo wenye kasi ya zaidi ya kilomita 160 kwa saa ulishuka kutoka Milima ya Rocky na kuusukuma moto wa nyasi hadi katika miji ya Superior na Louisville, Kaunti ya Boulder, jimbo la Colorado nchini Marekani. Theluji ilipoanza kuanguka siku iliyofuata, nyumba zaidi ya 1,000 zilikuwa zimeteketea na watu wawili wamepoteza maisha. Miji hiyo haikuwa katikati ya msitu. Zilianza kuungua nyasi kavu za uwanda, zikafuata uzio za mbao, kisha nyumba moja ikaiwasha nyingine.

Mwaka 2022 Bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuwapa nafuu ya kodi ya mapato wenye nyumba wanaogharamia kazi za kujikinga na moto wa nyika. Lengo lilikuwa kumhamasisha mwananchi atumie fedha zake kabla ya janga, badala ya Serikali kutumia fedha nyingi zaidi baada yake. Kwa maelezo ya juu juu ni jambo jema lisilo na mpinzani, lakini ukiingia ndani ya hesabu zake, picha inabadilika.

Kabla ya sheria hiyo Colorado ilikuwa tayari na nafuu ya aina nyingine. Mwenye ardhi aliyefyeka vichaka na kupunguza miti kuzunguka nyumba yake aliruhusiwa kutoa nusu ya gharama hizo, isiyozidi dola 2,500, katika mapato yanayotozwa kodi. Neno "dola 2,500" lilivutia masikio. Hata hivyo, kilichopunguzwa ni mapato, si kodi. Kiwango cha kodi ya mapato ya jimbo mwaka 2022 kilikuwa asilimia 4.4 kwa watu wote, hivyo aliyetumia dola 5,000 na kupata punguzo lote alibakiwa mfukoni na dola 110 tu. Ni vigumu kuamini kwamba kuna kaya iliyoamua kukata miti yake kwa sababu ya dola hizo; zaidi ziliwazawadia waliokuwa wamekwisha kuamua.

Sheria ya 2022 ilirekebisha kasoro hiyo. Kuanzia mwaka wa kodi 2023, mwenye nyumba ambaye mapato yake yanayotozwa kodi hayakuzidi dola 120,000 aliweza kupunguziwa kodi yenyewe kwa asilimia 25 ya gharama za hadi dola 2,500, yaani dola 625 kwa kiwango cha juu. Tofauti kati ya dola 110 na dola 625 ndiyo tofauti kati ya shukrani na motisha. Aidha, ukomo wa mapato uliielekeza nafuu kwa wenye kipato cha kati badala ya wamiliki wa majumba ya mapumziko milimani. Waliosahaulika ni wa chini kabisa. Mstaafu asiyedaiwa kodi yoyote hakupunguziwa kitu, kwa kuwa kiasi kilichozidi kodi yake hakikulipwa kwa fedha taslimu. Na mara nyingi mstaafu huyo ndiye asiye na nguvu ya kushika panga wala fedha ya kumlipa kibarua.

Lipo pia suala la kazi zinazokubaliwa. Orodha ya sheria ilijikita katika mimea: kusafisha eneo linalozunguka nyumba, kufungua barabara za moto kama zile zinazofyekwa kuzunguka mashamba ya misindano ya Mufindi, kupunguza miti na kuondoa matawi yaliyokatwa. Kazi hizo zina umuhimu wake. Lakini utafiti wa miaka mingi wa Jack Cohen, mwanasayansi wa Idara ya Misitu ya Marekani, ulionesha kwamba hatima ya nyumba huamuliwa na nyumba yenyewe pamoja na mita 30 hivi zinazoizunguka. Nyumba nyingi haziunguzwi na ukuta wa ndimi za moto. Cheche hupeperushwa na upepo, zikatua katika majani makavu yaliyojaa kwenye mifereji ya paa, zikapenya matundu ya hewa hadi darini, au zikaangukia uzio wa mbao unaogusa ukuta. Kwa hiyo wavu wa chuma wenye matundu madogo, paa lisiloshika moto na mita moja na nusu ya changarawe kandokando ya msingi vinaweza kuokoa nyumba ambayo ufyekaji peke yake usingeiokoa. Orodha iliyoacha paa na matundu ya hewa ilifaa zaidi nyumba za milimani kuliko mitaa ya Louisville.

Tatizo gumu kuliko yote ni jirani. Nafuu ya kodi humlenga mtu mmoja mmoja, ilhali moto hautambui mpaka wa kiwanja. Mwenye nyumba anaweza kufanya yote yanayotakiwa, na nyumba ya pili iliyo mita chache kutoka dirishani mwake ikamchoma. Katika mitaa iliyobanana, nafuu inayochukuliwa na nyumba moja kati ya kumi hununua usalama mdogo sana. Mwaka 2023 Colorado iliunda bodi ya kuandaa kanuni za ujenzi katika maeneo ya hatari, hatua inayogusa mtaa mzima, ingawa nyumba za zamani hazibadiliki kwa sababu tu kanuni mpya imeandikwa.

Ufaransa imeliendea jambo hili kwa njia tofauti. Katika maeneo ya hatari, mwenye jengo lililo ndani ya msitu au umbali wa hadi mita 200 kutoka msituni analazimika kisheria kufyeka mita 50 kulizunguka, hata ikibidi kuvuka mpaka na kuingia kwa jirani baada ya kumwomba ruhusa. Sheria ya Julai 2023 iliongeza makali ya adhabu. Wakati huohuo, kaya inayomlipa mtu kwa kazi ndogo za bustani, ukiwamo ufyekaji, hurejeshewa nusu ya gharama kupitia kodi, kwa matumizi yasiyozidi euro 5,000 kwa mwaka. Na asiyedaiwa kodi hulipwa. Huko wajibu ndio umetangulia, nafuu ikafuata kuubeba.

California, iliyopoteza watu 85 katika moto wa mwaka 2018 ulioteketeza mji wa Paradise, na majengo zaidi ya 16,000 katika moto wa Los Angeles wa Januari 2025, imeelekeza nguvu kwenye bima. Kanuni ya mwaka 2022 inazitaka kampuni za bima zimpunguzie ada mwenye nyumba aliyetekeleza hatua za kinga, zikiwamo za paa na matundu ya hewa. Kwa kaya nyingi punguzo la bima lina uzito kuliko la kodi, kwani ada hulipwa kila mwaka, na majani nayo huota kila mwaka.