AHADI ISIYO NA FEDHA



Wako wanaosema kwamba taabu za watu weusi katika miji ya Marekani zilikosa dawa kwa sababu wakubwa hawakuzijua. Sikubali. Serikali yao ilizijua, tena ilizipiga chapa.

Mwaka 1967 miji mingi iliwaka fujo. Detroit peke yake walikufa watu 43. Rais Johnson akaweka tume chini ya Bwana Otto Kerner, Gavana wa Illinois, ichunguze. Taarifa yake ya mwaka 1968 haikuficha kitu: ubaguzi wa Wazungu ndio uliojenga mitaa ile ya dhiki. Ikataka kazi mpya 2,000,000 katika miaka mitatu, na nyumba 6,000,000 katika miaka mitano. Rais aliyeiagiza hakuifurahia. Fedha zilikuwa zikienda vitani Vietnam, na hesabu hiyo haikulipwa.

Hata kabla ya hapo, mwaka 1966, mtu wa reli kama sisi alikwisha waonyesha njia. Mzee A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala, alitoa bajeti kamili ya kumaliza umaskini kwa miaka kumi, fungu kwa fungu. Wakaisifu, wakaiweka kabatini. Sisi twajua dereva haondoi gari kwa kusifiwa.

Basi tazameni Memphis. Tarehe 1 Februari 1968 wazoa taka wawili weusi, waliojikinga mvua nyuma ya lori lao, walisagwa na mtambo wake wakafa. Wenzao kama 1,300 wakagoma. Meya akakataa kukitambua chama chao. Wakaandamana, wakapigwa, hawakurudi kazini. Dr. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, na huko akauawa kwa risasi tarehe 4 Aprili. Siku kumi na mbili baadaye mji ukakubali chama na nyongeza ya mshahara.

Mimi nayaona mapatano yale ya wazoa taka kuwa makubwa kuliko kitabu kizima cha tume, maana yalikuwa na mtu wa kuyadai. Wala msidhani mji ulitimiza kwa hiari. Miezi michache baadaye ulianza kusitasita, na chama kikalazimika kutishia kugoma mara ya pili.