Besi Inayotembea: Kidole Gani Kishike Uzi?

Mpenzi wa taarabu aliyewahi kuitazama Culture Musical Club ya Unguja ikipiga hakosi kuijua besi kubwa ya mti, ile inayompita mpigaji wake kwa urefu, ikisimama nyuma ya fidla na kanuni. Macho ya watu aghalabu humwendea mwimbaji, na akikumbukwa mpiga besi, basi hutazamwa mkono wake wa kulia unaodonoa nyuzi. Hali mambo yote huamuliwa na wa kushoto. Na kuhusu mkono huo, wapigaji wa jazi wa Marekani na Ulaya wana ubishi usiokwisha, ambao sasa umewafikia hata vijana wetu kwa njia ya filamu za simu.

Katika jazi besi hupewa kazi ya kutembea. Yaani kila mdundo hutolewa sauti moja, pasi na kupumzika, nazo sauti hizo hupanda na kushuka kuufuata wimbo unavyogeuka. Wimbo wa mbio wenye midundo 240 kwa dakika hudai sauti 4 kila sekunde. Dakika kumi zake ni sauti 2,400. Mkono uliopotea njia hapo haupati nafasi ya kurudi.

Tatizo ni ukubwa wa ala yenyewe. Uzi wa fidla una urefu wa yapata sentimita 33, wa besi hukaribia 105. Nusu sauti ya kwanza, ambayo katika fidla haifiki hata sentimita 2, katika besi ni kama sentimita 6. Ndiyo maana Franz Simandl, mwalimu wa Vienna aliyefariki mwaka 1912, aliwafundisha wanafunzi wake kutumia kidole cha shahada, cha kati na cha mwisho, hiki cha mwisho kikisaidiwa na cha pete. Mkono ukitulia mahali pamoja hupata sauti tatu tu zinazofuatana, kisha lazima uhame.

Wapinzani wake, wengi wao waliotoka kwenye gitaa la besi, husema kila kidole kipewe nusu sauti yake. Kwa hivyo mkono hupata sauti nne bila ya kuhama. Maneno mazuri, ila huku chini ya shingo vidole vinne hutanuka yapata sentimita 16, badala ya 11 za Simandl. Mwenye kiganja kidogo na ajaribu hivyo kwa dakika kumi za mbio, kisha atupe habari za kifundo chake.

Natuchukue mfano. Mpigaji anatembea fa, la, do, re. Fa ni shahada kwenye uzi mnene kuliko zote. La ni uzi wa pili ulioachwa wazi. Do ni kidole cha mwisho kwenye uzi huo huo. Re ni uzi wa tatu, nao wazi. Mkono haukusogea hata kidogo. Tena uzi wazi una faida ya pili: wakati unalia wenyewe, mkono uko huru kuhamia kokote. Lakini mwimbaji akitaka wimbo upandishwe nusu sauti, nyuzi wazi zote mbili zimepotea, na sauti hizo nne haziingii tena katika vidole vitatu. Ama uhame, ama utanue.

Njia ya tatu imeletwa na mtu wa Sham. François Rabbath alizaliwa Aleppo mwaka 1931, akajifunza besi peke yake kabla ya kwenda Paris. Yeye hukiacha kidole gumba mahali pake, akauegemeza mkono mbele na nyuma kama mlango kwenye bawaba. Hautanuki, wala hauhami. Kwa maoni yangu hii ndiyo iliyo karibu zaidi na akili ya mwili, ingawa si rahisi kuipata bila mwalimu wa kukutazama.

Wala tusidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Ahmed Abdul-Malik, Mwislamu wa Brooklyn aliyezaliwa mwaka 1927, ndiye aliyepiga besi pamoja na Thelonious Monk na John Coltrane huko Carnegie Hall mwaka 1957. Mwaka uliofuata alitoa sahani ya Jazz Sahara, na humo alipiga udi pia. Udi na besi zote hazina vizuizi shingoni. Sikio ndilo linalokiambia kidole pa kusimama.

Hapa kwetu hofu ni nyingine. Tangu taarabu ya kisasa ishike kinanda cha umeme, besi ya mti imepungukiwa na kazi, na wanaoijua vyema wanazidi kuzeeka. Kijana akikosa mzee wa kumkalisha chini humfuata mgeni wa kwenye simu ambaye kiganja chake ni mara moja na nusu ya chake, akaiga vidole vinne, na maumivu yakamwachisha ala. Ningemshauri aanze na vidole vitatu na nyuzi wazi, polepole, midundo 60 kwa dakika, na kila uzi wazi unapolia ajiulize mkono unaelekea wapi. Vidole vinne avihifadhi kwa huko juu ya shingo, ambako sauti zimekaribiana.