Mchezo Ndani ya Mwili, Kiswahili Nje ya Mchezo

Mnamo Desemba 2010, kampuni ya Electronic Arts ilitoa MicroBot, mchezo wa video unaopakuliwa kupitia intaneti, uliobuniwa na Naked Sky Entertainment. Mchezaji huendesha roboti ndogo mno ndani ya mwili wa binadamu; kijiti kimoja huongoza mwendo, cha pili huelekeza risasi. Uwanja wa vita ni mishipa ya damu na viungo vya ndani.

Wapo watakaosema kwamba huo ni upuuzi unaowapotezea vijana wakati. Dai hilo lina walakini. Mchezo mwingine wa kupiga risasi ndani ya mwili, Re-Mission, ulitolewa mwaka 2006 kwa vijana wenye saratani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha wagonjwa 375, ulibainisha kwamba walioucheza walizingatia dawa zao vyema zaidi na kuuelewa ugonjwa wao zaidi ya wenzao. Mchezo, basi, waweza kuwa mwalimu. Suala linaloibuka ni: mwalimu huyo anasema lugha gani?

Tuchukue mfano wa Kivaa, eneo la Masinga katika Machakos, karibu na bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981 katika Mto Tana. Maji matulivu yenye konokono ndiyo makao ya kichocho. Viluwiluwi vya minyoo hutoboa ngozi ya aliyeingia majini, husafiri kwa damu hadi mapafuni na ini, kisha minyoo dume na jike huishi wawili wawili katika vena za utumbo au kibofu. Madhara makubwa hutokana na mayai yanayonasa katika tishu. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini haimkingi anayerejea majini. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kimepita nguo na ngozi. Je, kuna kisa cha mchezo kilicho bora kuliko hiki?

Mtoto wa Kivaa huzungumza Kikamba nyumbani, na kuanzia darasa la nne husomeshwa sayansi kwa Kiingereza. Kiswahili, kilichotambuliwa na Katiba ya 2010 kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, hakimo katika safari hiyo ya mwilini. Si kwamba kimekosa maneno. Kingamwili, chembe nyeupe za damu, wengu na kongosho ni maneno yaliyopo, na TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Kilichokosekana ni matumizi. Istilahi isiyotamkwa na mtoto hubaki mali ya rafu.

Yamkini mtu atahoji kwa nini mchezo huo usiwe kwa Kikamba. Hoja hiyo ni ya haki, na hakuna kinachozuia mchezo mmoja kuwa na lugha zote mbili. Hata hivyo, kichocho hakijui mipaka ya kabila; Kiswahili kitaufikisha mchezo huo Mwea, Kisumu na Mwanza.

Wajibu huu usiachiwe wataalamu wa kompyuta pekee. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya tasnifu ana kazi mkononi: kutunga maelezo na mazungumzo ya mchezo wa simu kuhusu kichocho, na kuyajaribu mbele ya watoto wenyewe ili ijulikane ni istilahi zipi zinaeleweka na zipi zinakwama. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini sharti kwanza acheze kwao.